Herufi A

Kompyuta zilifika Kiuyu juu ya gari la ng'ombe,
maana kipande cha mwisho cha njia lori lilikikataa.
Zimefungwa kanga kuukuu na kamba ya usumba,
na Faki wa kidato cha pili kaikumbatia moja njia nzima
kama mgonjwa anayekimbizwa Wete.

Kwenye barua ziliandikwa sita.
Zilifika nne.
Iliwaka moja.
Na hiyo moja herufi A haikuwapo:
tundu tu, na ndani yake kijipira cheupe
kama jino la mtoto linalotaka kuchomoza.

Aliyeitumia kabla yetu, huko ilikotoka,
huenda lugha yake inaweza kukaa bila hiyo.
Yetu haiwezi.
Jaribu kusema mama.
Jaribu chakula, sala, karafuu.
Jaribu kukataa.

Siku ya kwanza walichapa majina.
Bakari alitoka Bkri.
Zuwena alikatika mkia.
Shaame akawa Shme, akakitazama kioo
kama aliyeitwa na mtu asiyemjua.
Kombo peke yake alitoka mzima,
akatembea kifua mbele mpaka saa ya mapumziko,
nilipomwambia aongeze na jina la baba yake, Hamad.

Wanafunzi arobaini na tatu, kipindi kimoja kwa wiki.
Nikakata maboksi ya biskuti,
nikachora kibodi kwa kalamu ya wino mzito,
safu kwa safu, kila mtu na yake mapajani.
Kwenye boksi herufi zote zipo.
Kwenye boksi umeme haukatiki.
Ukipita nje ungesikia vidole tu
vikigonga karatasi ngumu,
mvua ya mchoo juu ya makuti.
Mwalimu mkuu alichungulia dirishani:
"Wanaandika nini?"
Nikamwambia bado hatujajua.

Ukaja msimu wa karafuu, darasa likabaki nusu.
Waliorudi walirudi na vidole vya rangi ya kahawia,
kucha zinanukia, na usingizi machoni.
Boksi la Zuwena lilirudi limelowa, limekunjika pembe,
kwa kuwa alikwenda nalo dagoni.
Mchana mikono yake ilichambua vikonyo,
usiku, taa ikishazimwa, ilichapa.
Nikamuuliza alikuwa akiandika nini.
"Sikumbuki, mwalimu. Boksi halihifadhi."

Yeye ndiye aliyeleta kishikizo.
Cheupe, cha matundu manne, cha shati la kaka yake
(kaka mwenyewe hajui mpaka leo).
Gundi tuliomba kwa fundi Mbarouk,
ile ya kuzibia mipira ya baiskeli.
Tukakibandika juu ya kijipira, tukasubiri kikauke.
Sijawahi kupata utulivu ule darasani,
si kwa fimbo, si kwa mtihani:
watoto arobaini na tatu, kimya,
mbele ya kishikizo.

Tulimchagua Shaame, aliyeibiwa zaidi.
S.
H.
Kisha kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto,
kama nilivyowafundisha kwenye boksi,
kikashuka.
Kishikizo kikazama, kikanasa,
na A zikaanza kutoka zenyewe,
kumi, mstari, mistari,
Shaaaaaaaaaaaaaaaaaaaa
aaaaaaaaaaaaaaaaaaaaaa
zikateremka kioo kizima, zikavuka ukurasa,
Bakari yuko juu ya dawati, anapiga makofi,
Kombo anauliza kama anaweza kupewa mbili.

Najua la kufanya likitokea hilo.
Kipo kitufe cha kufutia,
nimekichora kwa mkono wangu mara arobaini na tatu.
Sikukigusa.
Ziacheni ziende, nikasema.
Tulikuwa tunazidai.